Gambiti ya Riga na kobalti ya Kolwezi: ukitoa kitunda, hesabu unachopata

KOLWEZI – Aliyekubali kushindwa alikuwa na mali nyingi kuliko aliyemshinda. Ubaoni alibakiwa na vitunda sita. Mpinzani wake alikuwa na vinne tu. Kwa kete nyingine walikuwa sawa: kila mmoja alikuwa na malkia wake, ngome zake mbili na kete ndogo mbili. Hata hivyo Viswanathan Anand wa India, mmoja wa wachezaji bora kabisa wa sataranji duniani, alitazama hatua ya 25 ya mwenzake, akaona hakuna njia, akakubali.

Hiyo ilikuwa Aprili 1995 mjini Riga, Latvia, katika mashindano ya kumkumbuka Mikhail Tal, mtoto wa mji huo aliyewahi kuwa bingwa wa dunia na aliyefariki mwaka 1992. Mpinzani wa Anand alikuwa bingwa wa dunia wa wakati huo, Garry Kasparov. Silaha aliyotumia ilikuwa gambiti, yaani kutoa kitunda bure mwanzoni mwa mchezo ili kupata kitu kingine kisichoonekana kwa macho.

Msomaji wa Kolwezi anaweza kuuliza mchezo wa Riga unatuhusu nini sisi tunaoishi juu ya shaba. Unatuhusu. Mwaka 2025 serikali yetu ilicheza gambiti yake yenyewe kwa kobalti ya Lualaba, na hesabu yake bado inaendelea. Mchezo wa Kasparov na Anand ni mfupi na uko wazi, na matokeo yake yanajulikana. Ni mahali pazuri pa kujifunza maswali ya kuuliza pale mtu anapotuambia tutoe leo ili tupate kesho.

Kupigwa ngwala

Neno gambiti limetoka katika Kiitaliano, kwenye neno linalomaanisha kumtegea mtu mguu aanguke, au kama tusemavyo, kumpiga ngwala. Padri mmoja wa Hispania, Ruy López, ndiye aliyeliingiza katika lugha ya sataranji mwaka 1561. Maana yake imekaa vizuri: unamwachia mtu njia, anapita akifurahi, kumbe mguu wako uko pale.

Kwa wale ambao hawajawahi kuucheza, sataranji, ambayo wengine huiita chesi, huchezwa kwenye ubao wa miraba 64. Kila upande una kete 16: mfalme, malkia, ngome mbili, maaskofu wawili, farasi wawili na vitunda vinane. Kitunda ni askari wa mbele, kete yenye thamani ndogo kuliko zote. Anayecheza dama kwa vifuniko vya chupa pale mtaani tayari anajua jambo moja muhimu, kwamba mara nyingine unamlisha mwenzako kete moja ili wewe ule tatu. Tofauti ni kwamba katika dama malipo huja papo hapo. Katika gambiti malipo yanaweza kuchukua hatua kumi au ishirini, na wakati wote huo huna cha kuonyesha mkononi.

Kinachonunuliwa kwa kitunda ni muda. Kila mchezaji ana hatua moja kwa zamu yake, basi. Mpinzani akitumia zamu yake kula kitunda, na zamu nyingine kukimbia na kete iliyokila, wewe umepata zamu mbili za kutoa farasi, maaskofu na ngome zako nje. Vitu vilivyotolewa havirudi, lakini jeshi lako liko uwanjani wakati la mwenzako bado limelala.

Gambiti ya nahodha

Gambiti aliyoitumia Kasparov ina jina la baharia. William Davies Evans, nahodha wa meli kutoka Wales, aliibuni katika miaka ya 1820. Kwa karne ile yote ilipendwa sana, kwani ilileta michezo ya mashambulizi iliyokwisha haraka na iliyowafurahisha watazamaji.

Kisha ikapata dawa yake. Emanuel Lasker, Mjerumani aliyekuwa bingwa wa dunia kuanzia mwaka 1894 hadi 1921, alionyesha kwamba anayepewa kitunda hana haja ya kukishikilia kwa meno. Kikubali, kisha kirudishe kwa wakati unaoutaka wewe, na shambulizi la mwenzako litakosa nguvu. Aliyetoa kitunda atajikuta amerudishiwa chake, lakini muda alioununua umekwisha. Baada ya hapo mabingwa wakaiacha gambiti ya Evans. Ilipofika mwaka 1995, miongoni mwa wachezaji wa daraja la juu ilikuwa kama silaha ya makumbusho.

Ndiyo maana Kasparov aliichagua. Miezi michache baadaye yeye na Anand walitakiwa kukutana New York kupigania taji la dunia. Anand alikuwa amejiandaa kwa mambo yote ya kisasa. Kumshinda mtu wa namna hiyo, mara nyingine inabidi umpeleke katika njia ambayo watu waliacha kuipita.

Hatua kwa hatua

Miraba ya ubao hutajwa kwa herufi na namba. Safu zinazotoka kwa mchezaji mmoja kwenda kwa mwenzake huitwa a hadi h, na mistari inayokatiza ni 1 hadi 8. Kete nyeupe hukaa mstari wa 1 na 2, nyeusi mstari wa 7 na 8. Nyeupe huanza.

Kasparov, mwenye nyeupe, alisukuma kitunda cha mbele ya mfalme hadi e4. Anand akajibu kwa e5. Farasi mmoja akatoka kila upande, kisha maaskofu wakatoka na kusimama uso kwa uso, mweupe c4 na mweusi c5. Hadi hapo ni ufunguzi wa kawaida ambao hata mtoto wa klabu anaujua.

Katika hatua ya nne Kasparov akasukuma kitunda hadi b4, moja kwa moja mbele ya askofu wa Anand. Hakikuwa na mlinzi. Anand akakila.

Hatua ya tano, kitunda kingine cheupe kikasogea c3 na kumfukuza askofu yule. Anand akamrudisha e7, mahali salama karibu na nyumbani. Kasparov akafungua katikati kwa d4, na Anand akarusha farasi wake hadi a5, pembeni kabisa, ili amfukuze askofu mweupe.

Hapo ndipo palipokuwa na uamuzi wa kwanza mkubwa. Kasparov angeweza kula kitunda cha e5 na kurudisha hasara yake mara moja. Hiyo ndiyo iliyokuwa njia iliyozoeleka. Hakufanya hivyo. Alimrudisha askofu wake taratibu hadi e2, akaacha deni lake bila kulidai. Aliona kwamba kudai kitunda wakati ule kungempa Anand nafasi ya kupumua, na pumzi ndiyo hasa aliyotaka kumnyima.

Baada ya kubadilishana vitunda katikati, malkia mweupe alisimama d4 akitawala ubao. Farasi mwingine wa Anand akatoka f6. Kitunda cha Kasparov kikapanda e5 na kumfukuza. Malkia akaenda h4, kisha g3, akilenga upande ambao mfalme mweusi angependa kujificha. Anand akalazimika kusogeza kitunda chake g6 kujikinga, na kwa kufanya hivyo akaacha tundu kwenye ukuta wake. Hatua ya 12 Kasparov akamweka mfalme wake pembeni nyuma ya ngome, salama. Mfalme wa Anand alikuwa bado katikati.

Hatua ya 15 ndiyo iliyofunga mlango. Askofu wa Kasparov alitua h6. Kutoka pale aliuchungulia mraba wa f8, na kwa sababu hiyo mfalme mweusi hakuweza tena kwenda kujificha upande ule. Ili kumtuliza huko, Kasparov aliacha kitunda cha e5 kiliwe. Anand akakila. Sasa alikuwa mbele kwa vitunda viwili.

Tusimame hapa tuhesabu. Baada ya hatua ya 17 ya Kasparov, Anand alikuwa na kete saba ukiacha vitunda. Tano kati ya hizo zilikuwa bado kwenye miraba zilipozaliwa: mfalme, malkia, ngome zote mbili na askofu mmoja. Kete za Kasparov karibu zote zilikuwa kazini. Aliyeonekana tajiri hakuwa na watu uwanjani.

Hatua ya 18, Kasparov akasukuma kitunda hadi c5, tena kana kwamba anakitoa. Safari hii Anand hakuweza kukila kwa kitunda chake cha d6, kwa sababu kitunda hicho ndicho pekee kilichokuwa kimeziba njia kati ya ngome nyeupe ya d1 na malkia wake wa d8. Angekila, malkia angekwenda. Chakula kilikuwa mezani, ila mkono ulikuwa umefungwa.

Kilichofuata kilikuwa cha haraka. Safu zikafunguka, malkia mweupe akampa mfalme rokho, na mfalme akatoka mwenyewe hadi f7 kwa miguu, bila kinga. Farasi wa Kasparov akaruka d5, kisha f4, akimkaba askofu mweusi aliyekuwa e6. Hatua ya 25 ngome ikasogea e1 na kujipanga nyuma ya askofu na malkia kwenye safu moja. Askofu yule akiondoka tu, mzigo wote wa safu ya e ungeangukia kete ya Anand. Hasara ilikuwa haikwepeki, na mchezo ukaishia hapo.

Daftari la mchezo

Ukichukua daftari na kuhesabu zamu za Anand, utaona kitunda cha b4 kilimgharimu kiasi gani. Alicheza hatua 24. Kati ya hizo, 11 zilikuwa za farasi wawili waliokuwa wakifukuzwa kutoka pembe moja hadi nyingine, na mwisho wote wawili waliliwa. Askofu aliyekula kitunda cha kwanza alisogea mara nne, na mara ya nne alirudi f8, mraba uleule aliozaliwa. Malkia alisogea mara moja, katika hatua ya mwisho. Ngome mbili hazikusogea hata mara moja.

Kwa maneno mengine, Anand alilipwa vitunda viwili, na alivilipia kwa muda wake karibu wote. Katika mchezo wenye hatua 25, hilo ni deni lisilolipika.

Hata hivyo tusimwonee. Anand hakucheza kama mtu asiyejua. Kila hatua yake, ukiitazama peke yake, ina sababu. Tatizo lilikuwa kwamba sababu nyingi zilikuwa za kujibu swali aliloulizwa na mwenzake. Anayetoa gambiti iliyo sawasawa hununua haki ya kuuliza maswali, na anayeipokea hutumia mchana kutwa akijibu.

Kasparov alishinda mashindano yale ya Riga. Mwaka huohuo aliitumia tena gambiti ya Evans dhidi ya Jeroen Piket wa Uholanzi mjini Amsterdam, akashinda. Kisha Septemba, kwenye ghorofa ya 107 ya jengo la World Trade Center, New York, alikutana na Anand kwa ajili ya taji. Michezo minane ya kwanza iliisha sare. Anand akashinda wa tisa. Kasparov akajibu kwa kushinda wa kumi, mchezo ambao alitoa ngome nzima, na mwishowe akatetea taji kwa pointi 10.5 kwa 7.5. Anand naye hakuishia pale. Mwaka 2007 alikuwa bingwa wa dunia asiye na mpinzani wa taji, na alilishika hadi 2013.

Ukanda wa shaba una bingwa wake

Mtu asidhani sataranji ni jambo la New York na Riga peke yake. Toka Kolwezi, pita Likasi na Lubumbashi, vuka mpaka Kasumbalesa pamoja na malori ya shaba, endelea Chingola na Kitwe hadi Ndola. Ni ukanda uleule wa shaba, umekatwa tu na mpaka. Ndola ndiko alikozaliwa Amon Simutowe mwaka 1982.

Mwaka 2000 Simutowe alishika nafasi ya pili katika ubingwa wa dunia wa vijana mjini Yerevan, Armenia. Mwaka 2007, katika mashindano ya Arnhem, Uholanzi, alikamilisha matokeo yaliyohitajika kwa cheo cha juu kabisa, yaani Grandmaster, na cheo chenyewe kikathibitishwa mwaka 2009. Alikuwa wa kwanza kukipata kutoka Afrika iliyo kusini mwa Sahara.

Uganda nako kuna Phiona Mutesi, aliyejifunza mchezo huu katika mtaa wa mabanda wa Katwe, Kampala, chini ya mwalimu Robert Katende. Mwaka 2010 aliiwakilisha nchi yake katika Olimpiki ya sataranji kule Khanty-Mansiysk, Urusi, na mwaka 2012 mjini Istanbul akapata cheo cha kimataifa. Hadithi yake ilitengenezewa filamu mwaka 2016.

Wote wawili wametoka mahali ambapo ubao wenyewe si kitu cha kila nyumba. Walichokuwa nacho ni mtu wa kuwafundisha, mtu wa kucheza naye na muda wa kurudia makosa yao.

Gambiti ya kobalti

Sasa turudi nyumbani. Februari 22, 2025, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilisimamisha uuzaji wa kobalti nje ya nchi kwa miezi minne. Bei ya madini hayo ilikuwa imeanguka hadi kiwango cha chini kabisa katika miaka tisa hivi, kwa sababu kobalti ilikuwa nyingi mno sokoni. Juni marufuku ikaongezwa miezi mitatu. Kuanzia Oktoba 16, 2025, marufuku ikaondolewa na mahali pake pakawekwa mgao: tani 18,125 kwa sehemu iliyobaki ya mwaka huo, na tani 96,600 kwa mwaka kwa 2026 na 2027.

Ukiutazama uamuzi huo kwa macho ya mchezaji, ni gambiti kamili. Nchi iliacha kuuza kwa karibu miezi minane. Ilitoa kitu cha kweli, mapato ya leo, ili inunue kitu kisichoshikika: nguvu ya kupanga bei ya kesho.

Swali la kwanza la mchezaji ni hili: nina jeshi la kuniwezesha kutoa? Hapa jibu ni ndiyo. Zaidi ya asilimia 70 ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka Kongo, na sehemu kubwa yake hutoka hapa Lualaba, kuanzia Kolwezi hadi Tenke na Fungurume. Nchi yenye asilimia tano ingefanya hivyo, soko lisingegeuka hata kutazama.

Swali la pili: nimepata nini? Kwa upande wa bei, jibu linaonekana. Kufikia mwisho wa mwaka 2025 kobalti ilikuwa imepanda zaidi ya mara mbili ya ile bei ya Februari. Mpinzani aliulizwa swali na ikabidi alijibu.

Swali la tatu ndilo gumu: muda nilionunua utadumu kiasi gani, na mpinzani ana dawa gani? Tumkumbuke Lasker. Wanunuzi wa dunia nao wana dawa zao. Kuna betri za magari zinazotengenezwa kwa chuma na fosfati, zisizo na kobalti hata chembe, na matumizi yake yamekuwa yakiongezeka. Kuna Indonesia, mzalishaji wa pili wa kobalti. Bei ikipanda mno au ikikaa juu muda mrefu mno, dawa hizo hupata nguvu. Kasparov alijua kwamba faida ya gambiti huoza kama samaki: usipoitumia ikiwa mbichi, inakuwa hasara. Katika Riga aliitumia ndani ya hatua 25.

Kwa nchi, kuitumia ikiwa mbichi maana yake ni kugeuza bei nzuri ya miaka hii kuwa kitu kitakachobaki bei ikianguka tena: barabara, umeme, viwanda vya kusafishia madini hapahapa, shule. Bei ikipanda na kushuka bila kuacha kitu, tutakuwa tumetoa kitunda na kupata vumbi.

Kitunda ni nani?

Kuna swali la nne, ambalo ubao wa sataranji hauulizi. Kitunda cha b4 ni kipande cha mti. Hakikuulizwa, na hakikuumia. Katika gambiti ya nchi, kinachotolewa kina jina na kina watoto.

Kampuni kubwa za hapa huchimba shaba na kobalti kutoka katika jiwe lilelile. Kobalti ilipozuiwa, shaba iliendelea kutoka, na kobalti ikaweza kuwekwa ghalani ingoje siku yake. Mchimbaji mdogo wa Kasulo au wa machimbo mengine yanayoizunguka Kolwezi hana ghala. Anachokitoa shimoni asubuhi anakipeleka kwenye maghala ya wanunuzi kule Musompo, na kinachopatikana ndicho unga wa jioni na karo ya mtoto. Kwa mtu huyo, kusubiri miezi minane si mkakati. Yeye hana hatua 25 za kungoja.

Hilo halimaanishi kwamba uamuzi ulikuwa mbaya. Kuiacha kobalti iuzwe kwa bei ya kutupa nako ni kutoa, tena kutoa bila kupata chochote, na mchimbaji mdogo huwa wa kwanza kuumia bei inapoanguka. Lakini mchezaji mzuri wa gambiti hujua ni kitunda gani anatoa na kwa nini ni kile. Kasparov alitoa cha b kwa sababu ndicho kilichomfungulia njia. Hakutoa chochote kilichokuwa kikimlinda mfalme wake.

Kwa hiyo daftari la gambiti ya kobalti lisiishie kwenye bei ya tani moja katika soko la London. Linapaswa kuwa na ukurasa wa Kolwezi: kiasi gani kimeingia katika hazina ya jimbo na ya manispaa, mgao umewafikia nani na kwa masharti gani, na yule anayeishi kwa siku ametengewa nini wakati wa kusubiri. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Anand alikuwa na mali. Daftari la muda ndilo lililokuwa tupu.

Ukitaka kuucheza mwenyewe

Mchezo wa Riga hauhitaji ubao wa duka. Chora miraba 64 kwenye kadibodi, tafuta vifuniko 32 vya chupa, andika juu yake herufi ya kila kete kwa rangi mbili. Fuata hatua tulizozieleza. Ukifika hatua ya nne, pale kitunda kinapokwenda b4, simama. Geuza ubao, ukae upande wa Anand, na ujiulize kama ungekila.

Halafu rudia, safari hii ukikirudisha kitunda kwa wakati wako kama Lasker alivyofundisha. Utaona mchezo unabadilika. Shambulizi linapoa, kete zako zinapata njia, na aliyekuja na ngwala anajikuta amesimama kwa mguu mmoja.

 Kijana wa Kolwezi anaweza kuanzia kwenye ubao kama huo, na hata asipofika Arnhem, siku atakapoambiwa atoe kitu chake leo kwa ahadi ya kesho, atajua kuuliza kwanza: natoa nini, napata nini, kwa muda gani, na nani atakayelipa tukishindwa?